Mfupa wa Nguva na Sabuni Yangu

Kinyozi wetu tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki. Juzi alimwacha mteja na kichwa nusu, akatoka hadi kwenye benchi letu, simu mkononi.

"Jamani! Wataalamu wamesaga mfupa wa nguva mkubwa aliyetoweka zamani, wakasoma vinasaba vyake. Ukoo wote hadharani. Ana undugu na tembo!"

"Tembo kakubali?" akauliza Gundi, fundi viatu, ambaye akikaa pale habanduki. "Mimi binamu yangu mwenyewe ananikana."

"Tembo hajaulizwa. Umeulizwa mfupa."

Nami nikafungua kikapu changu, nikakunjua kitambaa cha kwanza, kisha cha pili. Ndani mlikuwa na mfupa mnene kama mchi, mweupe pe.

"Marehemu mume wangu aliuokota ufukweni," nikawaambia. "Miaka thelathini na minane alisema ni wa nguva wa kale. Mimi nikasema ni wa ng'ombe, nikamcheka mpaka mbele ya wakwe. Leo saa kumi mtaalamu wa makumbusho anapita kuuchukua, akaupime. Ikiwa mzee alisema kweli, nitakwenda kaburini kumwomba radhi."

Hata yule mwenye kichwa nusu alichungulia mlangoni.

"Bibi, mbona mfupa unang'aa hivi?" Redio akauliza. "Si ndio ule mweusi uliokuwa ukizuia mlango wa jikoni?"

"Mjukuu wangu, nimpe mgeni uchafu? Nimeuchemsha tangu alfajiri kwa kipande kizima cha sabuni. Nikausugua kwa mchanga, nikauanika."

Redio akaitazama simu, akanitazama mimi, akasoma polepole: "'Mfupa usioshwe. Usishikwe kwa mkono mtupu. Joto huharibu vinasaba.'"

"Lo! Umeuchemshia kwenye nini, Bibi?" Gundi akadakia.

"Sufuria ya nyama ya mbuzi."

"Basi ukoo utapatikana. Nguva, baba yake beberu!"

Wakaangua kicheko. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, mpaka machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko.

"Maskini mume wangu," nikasema. "Miaka yote hiyo hakuwa na shahidi. Kapata mmoja, nimemchemsha."

Nikauviringisha mfupa, kitambaa cha kwanza, cha pili. "Acha tu. Radhi nitakwenda kuiomba hivyo hivyo, bila majibu ya wataalamu."

"Nenda, Bibi," Gundi akasema, akibanduka kwa mara ya kwanza siku ile anibebee kikapu. "Ila sabuni iache nyumbani."