Breki za Safari ya Dada

Jumanne, 3 Juni

Dada amerudi kutoka kwa daktari wa macho. La kushoto limekwisha. La kulia litalifuata kabla ya mwaka kuisha. Alitangaza hayo huku akivua viatu, kama mtu anayesema mvua imekatika. Kisha akasema anataka kitu kimoja tu: apelekwe juu kwenye ukingo wa vilima, pale ambapo siku isiyo na ukungu mtu huuona mlima wa kwetu, ng'ambo ya mpaka. Tuliukimbia yeye akiwa msichana, mimi nimeshika upindo wa gauni lake. Hatujauona tena.

Ukungu wa majira hushuka katikati ya mwezi. Kwa hiyo ni Jumapili hii, au basi.

Njia ya huko ni mawe na miteremko. Gari linaloiweza ni moja: Kobe, gari letu kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Nasema letu kwa uchungu. Nusu yangu, nusu ya Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, anayeishi chumba cha uani na kukohoa kwa makusudi. Mimi natunza kadi ya gari, yeye anatunza ufunguo. Ndivyo tunavyoaminiana.

Tatizo ni breki. Pedali inazama mpaka sakafuni kama mguu kwenye tope. Mara ya mwisho tulisimama kwa hisani ya ukuta wa jirani.

Shemeji akasema ataleta fundi, na ataendesha yeye. Nikasema nitatengeneza mimi, na nitaendesha mimi. Mwenye damu moja na Dada ni mimi. Dada akatuambia tupunguze sauti, yanayokufa ni macho, masikio bado mazima. Akakata shauri: atakayetengeneza breki ndiye atakayeshika usukani. Mwingine akae nyuma na kikapu.

Nyuma na kikapu! Mimi!

Jumatano, 4 Juni

Nilidamka nikaenda gereji kabla ya Shemeji kunywa chai. Fundi alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana. Nikaiambia miguu kwamba safari imesogezwa mwezi ujao, Shemeji anamsalimu, asijisumbue kuja. Sikuona kama ni uongo. Safari yoyote inaweza kusogezwa. Miguu ikajibu, sawa mzee.

Nikauliza pia, kama mtu anayeuliza mambo ya dunia kwa jumla, pedali huzama kwa nini. Miguu ikasema ama mafuta ya breki yanavuja, ama kuna hewa ndani.

Nyumbani nikapiga jeki, nikatoa gurudumu la nyuma. Ngoma ya breki ikakataa kutoka. Nikaigonga kwa nyundo. Shemeji akatokea na kikombe chake, akasema kwao mtu hubisha hodi kwa mkono. Nikagonga tena. Ngoma ikatoka, na ukucha wa dole gumba ukatoka nayo.

Ndani kumelowa. Mipira ya kusukumia breki imechakaa. Nikanunua mipya, nikaifunga. Springi moja iliniponyoka, ikaruka ukuta, ikatua uani kwa jirani. Ukuta ni ule ule. Nilikwenda kuiomba nikiwa nimeinamisha kichwa.

Alhamisi, 5 Juni

Shemeji amemngoja fundi getini asubuhi nzima, amevaa shati la kola. Akaniuliza kama nimemwona. Nikamwambia mafundi ndivyo walivyo, ahadi zao ni moshi. Akasema huyu hakuwa hivyo. Akarudi ndani polepole. Nilijisikia vibaya kidogo. Ikapita.

Leo ilikuwa siku ya kutoa hewa. Kazi hii yataka watu wawili: mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko kwenye gurudumu, analegeza nati, hewa inatoka na mafuta, anakaza tena. Shemeji simwombi hata nikizama. Dada akajitolea.

Alikuja na kitambaa chake cha safari kichwani. Akakaa nyuma ya usukani, akaushika kwa mikono miwili. Mimi kifudifudi kwenye vumbi. Kanyaga! Shikilia! Achia! Anatii kuliko alivyonitii maishani mwake. Baadaye akauliza tumefika wapi. Nikasema gurudumu la nyuma, upande wa kulia. Akasema hapana, anauliza njiani. Yeye ameshapita kinu cha kusaga, ameshapita daraja la miti, na sasa anapanda. Nikamwambia apande taratibu, na asisahau kukanyaga.

Shemeji alikohoa mlangoni, akasema kazi hiyo huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na pedali, mimi nimeanzia la karibu. Nikamjibu kwamba kuna madhehebu mawili. Alipoingia ndani nikaanza upya.

Kwa sababu hiyo mafuta ya breki yakaniishia gurudumu la mwisho. Duka limefungwa. Stoo kulikuwa na nusu chupa ya oili ya injini. Nikafikiri. Mafuta ni mafuta. Kazi yake ni kuteleza. Kwenye kifuniko cha kopo la breki kuna onyo limeandikwa, ila maandishi yamefutika nusu, na nusu ya onyo si onyo. Nikamimina.

Ijumaa, 6 Juni

Ushindi! Pedali ngumu kama jiwe! Nikawaita wote. Shemeji akaikanyaga, akaikanyaga tena. Kisha akanipa ufunguo kwa mikono miwili. Nimeungoja ufunguo huo tangu msiba wa mke wangu. Ni mdogo kuliko nilivyodhani.

Nimemwosha Kobe. Nimemwambia Shemeji kikapu kitakuwa kizito, afanye mazoezi.

Jumamosi, 7 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilimtoa Kobe kwa majaribio. Alianza vizuri. Kisha akawa mzito. Nikadhani ni mlima, lakini barabara ile ni tambarare. Nikaongeza moto. Harufu ikaja, kama ya kiatu kilichoangukia motoni. Moshi ukatoka kwenye magurudumu, na mbele ya soko, mbele ya kila anayenifahamu, Kobe akasimama. Nikaachia breki. Breki hazikuniachia. Mbele haendi, nyuma harudi. Wauza mboga wakasukuma, wakachoka, wakaanza kutoa ushauri. Mmoja akaniuliza kama nimefungua kibanda.

Fundi akaja, na Shemeji nyuma yake. Neno la kwanza la fundi: mzee, si ulisema safari ni mwezi ujao, na kwamba shemeji yako ananisalimu? Mbele ya Shemeji! Akafungua kifuniko, akanusa, akamwita muuza vitunguu naye anuse. Akasema oili imevimbisha mipira yote, kuanzia kwenye pedali mpaka kwenye magurudumu, na breki iliyovimba haiachii tena. Kila mpira utolewe, kila bomba lioshwe. Vipuri vinatoka mbali, tuhesabu wiki. Akaongeza kwamba watu wengi humletea breki zisizoshika, mimi ni wa kwanza kumletea zinazoshika hivi.

 Shemeji hata kukohoa hakukohoa.

Nilimweleza Dada. Akavua kitambaa chake cha safari, akakikunja, akakiweka magotini.

Jioni Shemeji akarudi na habari. Kesho kuna lori la kokoto linalopanda mpaka karibu na ukingo. Dereva ana nafasi mbili mbele: ya Dada, na ya mtu mmoja.

Kisha akabisha hodi chumbani kwangu. Akasema niende mimi. Mlima ule ni wa kwetu, yeye ni mtu wa bondeni, hajawahi kuuona. Dada akimwuliza kitu atamjibu nini? Nikamtazama sana. Mtu hatoi kiti chake bure. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaelewa: anataka mimi niondoke, abaki na Kobe na fundi, atengeneze breki, na jina liwe lake. Nikamshukuru, nikakataa. Akanisihi. Akasema, shemeji, huyu ni dada yako, na jicho ni hilo moja. Nikakataa kabisa. Mimi si mtoto.

Jumapili, 8 Juni

Lori liliondoka alfajiri. Dada alinishika kichwa kama zamani, akapanda mbele na Shemeji.

Nimeshinda ndani ya Kobe mbele ya soko, namlinda. Hakuna aliyekuja kumtengeneza. Adhuhuri vilima vikapotea. Ukungu. Umekuja mapema mwaka huu.

Walirudi jioni. Shemeji akaingia moja kwa moja chumbani kwake. Dada alinisimulia jikoni. Jicho lake liliona weupe mtupu. Akamwuliza Shemeji anaona nini. Shemeji akasema anauona mlima. Akaueleza: kilele, njia inayopinda kushoto, nyumba yetu yenye bati jekundu, moshi wa jikoni. Dereva akaanza kusema, mzee mbona mimi sioni chochote, kisha akasema aah! kama mtu aliyekanyagwa mguu.

Nikapandwa na hasira. Bati jekundu! Nyumba yetu iliezekwa kwa nyasi, na njia ilipinda kulia! Dada akasema anajua, alizaliwa humo. Alimwacha aendelee kwa sababu alikuwa anaeleza vizuri.

Nilikwenda kumgongea Shemeji nimsahihishe. Akajibu bila kufungua: basi kamwambie wewe.

Jumatatu, 9 Juni

Leo Dada ameniita dirishani pake. Akasema, mdogo wangu, wewe unajua. Nieleze wewe. Nieleze asubuhi ya kule, tukiwa tunatoka kuchota maji.

Ninayo yote. Jiwe lililokaa kama ng'ombe aliyelala. Njia nyekundu inayolizunguka kwa kulia. Umande kwenye nyasi za paa, na jinsi jua lilivyofika kileleni kwanza, likashuka hatua kwa hatua kama mtu mzima, mpaka mlangoni kwa mama. Hata sauti ya ndoo ninayo.

Nikafungua mdomo. Kisha nikawaza: nikimweleza leo, safari itabaki na kazi gani? Na Shemeji atasema tulimaliza kwa maneno. Nikamwambia asiwe na haraka. Kiangazi kijacho, mwakani, nitampeleka mwenyewe, ndani ya Kobe, kwa breki nilizotengeneza kwa mikono yangu, ajionee kwa jicho lake.

 Akauliza, kiangazi kijacho? Nikasema ndiyo, bila fundi, bila lori la mtu.

Akasema sawa, mdogo wangu. Akageukia ukutani.

Amefurahi. Furaha yake siku hizi haina kelele.