Pampu Iliyoshinda Mlolongo

Mwaka ule wa kura za mlolongo, za kusimama nyuma ya umtakaye, Mheshimiwa Gerishon Thuo, mwenyekiti wa Klabu ya Ustawi, aliwatangazia watu wa Eldoret kwamba demokrasia imefika kilele: pampu ya bwawa la kuogelea la klabu itachaguliwa na wananchi wenyewe. Hata wasiojua kuogelea waje. Hasa wao.

Pampu zilikuwa mbili. Ile kuukuu ilikuwa imekula stima mpaka ikaota kitambi. Ikiwashwa, taa za mtaa mzima zinafifia, na posho mili ya Mama Saida, jirani wa klabu, inazima mahindi yakiwa nusu unga, nusu kokoto. Wateja walikuwa wameanza kuhamia mili za mtaa wa Pioneer. Ikiendelea hivyo, atafunga mlango. Ile mpya ilikuwa ndogo, na stima ilikuwa inaonja tu.

Kamati Maalum ya Mustakabali wa Pampu ilikaa, ikamaliza chai ya klabu, ikagundua kasoro.

"Hii mpya haingurumi," Mheshimiwa alimweleza Mama Saida. "Sasa mwananchi akipita nje, atajuaje maendeleo yanaendelea?"

"Na unga, Mheshimiwa?"

"Mama, unga ni mambo ya tumbo. Hii ni sera."

Siku ya kura, pampu zikakalishwa kwa viti uwanjani. Nyuma ya ile mpya watu walijipanga mpaka wakatoka nje ya geti, wakapinda kona. Nyuma ya kuukuu alisimama Mheshimiwa, dereva wake, na mbwa wa klabu, ambaye kusema haki alikuwa amelala tu.

Ephantus, msimamizi wa uchaguzi, alihesabu. Akamtazama Mheshimiwa. Akahesabu upya.

"Pampu kuukuu imeshinda kwa kishindo! Mlolongo wake ni mfupi, lakini umenyooka zaidi."

Pembeni alikuwako bwana mmoja wa koti refu, ambaye hakuna aliyemuuliza anafanya kazi wapi, kwa sababu kila mtu alijua. Mama Saida akapiga kigelegele.

"Hongera kwa mshindi! Jamani, tumpeleke Nairobi!"

"Nairobi kufanya nini?" Mheshimiwa akashtuka.

"Kwani waliochaguliwa hukaa wapi? Umeona hata mmoja amebaki hapa na sisi?"

"Lakini Mama, hii ni pampu..."

"Mheshimiwa, unampinga aliyeshinda?"

Bwana wa koti refu akasogea kidogo, asikie jibu vizuri.

"Mimi? Nimpinge nani? Apelekwe! Apelekwe kwa heshima zote!"

"Na asisafiri peke yake," Mama Saida akaongeza. "Aende na mtu wake."

Lori la Ibrahim, mfanyabiashara wa mji ule, lilikuwa linashuka Nairobi na viazi. Pampu ikavishwa maua, ikapandishwa juu ya magunia, na Mheshimiwa akapandishwa nyuma yake, aishike isianguke. Ile iliyoshindwa, kwa vile haikuwa na mahali pa kwenda, ikabaki kufanya kazi. Mama Saida akasaga mpaka jioni.

Baridi ya milima ya Timboroa, njiani, ilimkuta Mheshimiwa bado ameikumbatia pampu. Polisi wakasimamisha lori, wakaona maua, wakaipigia pampu saluti. Kisha mkubwa wao akamgeukia yule aliyeikumbatia.

"Na wewe turniboi wa lori, shuka chini. Mheshimiwa anabanwa."