Kompyuta na Bei ya Kwanza

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu mkuu anataka nembo kwenye masweta ishirini ya kwaya ifikapo Ijumaa jioni. La sivyo kazi zote za shule zinakwenda kwa Mkasi, fundi wa ng'ambo ya barabara, yule anayenisalimia huku anacheka. Mashine ya kudarizi ninayo. Sina programu ya kuchorea. Shemeji kaniwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, eti humo kila kitu bure. Bure!

Nikaandika amri aliyoniachia. Kompyuta ikajibu: itapakua megabaiti 640, iendelee? Ndiyo au Hapana. Programu yenyewe 90, zilizobaki ni "tegemezi", vijiprogramu ambavyo haiwezi kufanya kazi bila hivyo. Yaani naoa mmoja, nalisha ukoo mzima! Hapana. Duka hili sikulijenga kwa kukubali bei ya kwanza.

Jumanne, 4 Machi
Nimekataa mara sita. 640 ileile. Nikajifanya naondoka, nikafika mpaka mlangoni. Haikuniita. Shemeji kasema kwenye simu nibonyeze tu Ndiyo, hiyo si bei, ni ukubwa wa mzigo. Wauzaji wote husema hivyo.

Alhamisi, 6 Machi
Imeshuka! 212! Nikamwita mama watoto aje aone mume aliyempata. Kasema jana nilipofuata nyuzi alibonyeza Ndiyo, mzigo ukapakuliwa mpaka bando likaisha, hizo 212 ndizo zilizobaki. Wivu. Nimekata 428 kwa ubishi wangu mwenyewe! Nikanunua bando, nikabonyeza Hapana. Inalegea. Mkasi kapita dirishani, kauliza kama masweta nayadarizi kwa maombi.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi bado 212. Mama watoto kanisogeza na kiti changu, kasema baba watoto, leo utapatana na mimi. Akabonyeza Ndiyo. Zote 212, bila hata kuomba punguzo! Programu ikafunguka. Nembo ya kwanza ilipotoka, mwenge mwekundu, nilijifanya nina mafua. Tulidarizi mchana kutwa. Mwalimu mkuu kapapasa uzi, kasema tudarizi na kofia za shule nzima. Mkasi alikuwa mlangoni kwake. Hacheki. Nikamsalimia kwa sauti.

Jumatatu, 10 Machi
Kofia zimeletwa! Na kompyuta imenifuata yenyewe, mpole kama mkwe: kuna masasisho, megabaiti 58 tu. 640, 212, 58. Adabu imeingia! Kwa hesabu yangu, mwezi ujao itaanza kunilipa.

Nimebonyeza Hapana.