Shanga za Bluu za Recho

Jumatatu, 4 Agosti
Recho wangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Nimetangaza mezani: shanga za shingoni nitamtengenezea mwenyewe! Akienda kwa watu, aende na kitu cha mkono wa baba yake. Mke wangu Helena kauliza, kwani zile za mwezi uliopita si zilipasuka zote? Zilipasuka. Shanga ya kioo ikitoka kwenye moto ikakutana na baridi ghafla, hupasuka. Inataka tanuru dogo, ipoe polepole.

Shemeji Theopista, mdogo wake Helena, naye hutengeneza shanga. Ana tanuru la umeme, dogo kama ndoo, linashusha joto lenyewe. Nimekwenda kuliona. Sikulipenda. Ukishalifunga halifunguki mpaka lipoe! Sasa fundi atajuaje yanayoendelea ndani?

Jumatano, 6 Agosti
Nimechagua langu. Celestin, fundi wa kuchomelea, kakata pipa. Tumelikandika ndani kwa udongo wa kichuguu. Mkaa chini, juu yake kikasha cha chuma chenye majivu ya kufukia shanga. Mfuniko mwepesi, unafunuka kwa mkono mmoja! Theopista kapita, kasifu. Kaniambia nikishafunika nisiguse mpaka kesho yake, pipa liwe la baridi. Nimemshukuru kwa heshima zote. Anafikiri sijamjua: anataka nichelewe, Recho avae za kwake.

Jumamosi, 9 Agosti
Recho anataka bluu, na chupa za bluu za kuyeyusha Mpanda hii ni za kutafuta kwa tochi. Nilipata tatu. Ya kwanza imekwenda.

Nilizifukia shanga, nikafunika, nikakaa. Nikafunua kidogo tu. Ti! Nikafunika. Nikafunua nione kilicholia. Ti! Ti! Ti! Zote vipande. Nimechunguza kwa makini: kosa ni la kichuguu. Kilikuwa bado na mchwa.

Jumanne, 12 Agosti
Nimekandika upya kwa udongo wa Kasokola. Leo nimejizuia kweli kweli. Sikufunua. Niliinua mfuniko upande mmoja, na kuinua upande si kufunua. Zimepasuka! Helena kasema hata wali hauivi namna hii. Nimemjibu kioo si wali.

Jioni Recho kaja kukaa karibu yangu. Kasema taratibu nisijisumbue baba, mama mdogo yuko tayari kuziweka shanga zangu kwenye tanuru lake. Imeniuma. Zikitoka kwa Theopista watu watasema ni za Theopista. Mwanangu aondoke na mkono wa mtu mwingine shingoni? Imebaki chupa moja. Ugali sikuumaliza.

Alhamisi, 14 Agosti
Asubuhi nimezitengeneza za mwisho. Nimefukia, nimefunika, nimevuta kigoda. Hapo hapo Helena katokea na madumu: asali ya harusi iko Inyonga, mwenye mizinga anasubiri, niende sasa hivi. Nimegoma. Kaniangalia. Nimekwenda.

Basi la kurudi limeharibika kabla halijaondoka. Nalala Inyonga. Roho juu! Nimempigia Helena afunue kidogo aniangalizie. Kasema sawa. Nimepiga tena, kasema amefunua, zinaendelea vizuri. Nilipopiga mara nyingine kasema amefunua hata kabla sijamuuliza. Mke nimepata!

Ijumaa, 15 Agosti
Nimefika mchana kwa bodaboda, madumu yamefungwa nyuma. Pipa la baridi. Helena alikuwa ameziba mfuniko kwa udongo kuzunguka pande zote, umekauka vizuri, hauna hata ufa. Yaani kila alipofunua aliziba upya, tena kwa unadhifu huu! Tumebomoa, tumefukua majivu. Nzima! Zote nzima, bluu tupu! Nimelia palepale, Celestin ananitazama, na sikuona aibu.

Jumapili, 17 Agosti
Recho kaolewa jana. Alipokuja mbele yangu kuaga alizishika shanga, akasema baba, naenda nawe. Nilikuwa na hotuba mfukoni. Karatasi yake nikafutia machozi.

Baadaye Theopista kauliza nilifanyaje. Mimi si mchoyo. Nimemweleza kuwa siri ni kuchungulia, tena mara kwa mara, ila kwa mkono mwepesi kama wa Helena. Yeye na dada yake wakatazamana, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Furaha ya harusi hiyo.

Leo baada ya misa padri kazisikia sifa zangu, kaniomba shanga za rozari kwa ajili ya kwaya nzima. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Nimeshampigia Celestin. Kesho anakuja kutoboa dirisha kwenye mfuniko, kubwa, kichwa kipite.