Mianzi ya Bure kwa Mthamini

Jumatatu, 12 Mei

Dada Lettice, salamu nyingi. Hujambo huko Kanada? Goti lako linaendeleaje? Hapa Lancashire mvua tu, nasi wazima, Mungu asifiwe, isipokuwa miguu ya mume wangu Cyril. Shajara hii ni siri, nitakutumia wewe peke yako. Usimsomee mtu!

Jambo lenyewe: nataka kuweka nyumba rehani. Usishtuke! Kampuni huwakopesha waliovuka miaka hamsini na mitano. Hulipi kitu ukiwa hai. Riba inajilimbikiza kimya kimya, ukishakufa nyumba inauzwa, deni linalipwa. Nataka njia ya mawe bustanini, Cyril afike kwenye waridi zake na mkongojo bila kuanguka. Tangu Oktoba anazitazama kupitia dirisha la jikoni. (Na chemchemi ndogo. Jirani yetu Prudence anayo.)

Cyril aliniuliza kama nimerogwa. Nyumba tumeilipia miaka ishirini na mitano, leo niiweke rehani kwa ajili ya maji yanayoruka? Nikanuna. Akasema haya, mthamini wa kampuni aje aikadirie bei, kutazama si kuuza.

Jumanne, 13 Mei

Mthamini anakuja Alhamisi! Na bustani iko uchi kama kuku aliyenyonyolewa. Nikasali. Nikajibiwa papo hapo! Nyuma ya reli kumeota mmea mzuri ajabu, mfano wa mianzi, shina lina madoa mekundu. Wa bure! Nikang'oa toroli tatu, nikapanda mstari mzima kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye waridi.

Prudence akachungulia juu ya ua, akauliza nimeutoa wapi. Nikamwambia wivu ni dhambi. Akafungua kinywa tena; nikaingia ndani kuchemsha chai.

Alhamisi, 15 Mei

Bwana Entwistle, mthamini, mtu mpole. Alisifu paa. Alisifu jiko. Alikula vipande viwili vya keki yangu. Kisha akatoka bustanini, akaweka kikombe chini polepole kama aliyeona nyoka. Akaniuliza, mama, nani kapanda hii? Nikajibu kwa fahari, mimi, kwa mikono yangu!

Kumbe ni gugu la Kijapani. Mizizi yake hupenya hata zege. Hakuna kampuni itakayokopesha nyumba yenye gugu hilo, wala mnunuzi atakayeitaka. Akafunga faili. Kipande cha tatu akakikataa.

Nililia juu ya sinki. Si mkopo tu, dada, nyumba yenyewe! Nimempanda adui ukutani mwangu, tena nikamshukuru Mungu kwa ajili yake. Cyril hakunigombeza. Alisema tu kwamba wenzetu hupanda maua.

Ijumaa, 16 Mei

Hodi saa moja asubuhi. Prudence, na koleo, na watu sita wa kanisani! Akaniambia alitaka kunionya tangu Jumanne, nami nikamhubiria wivu. Nilitamani ardhi inimeze. Wakachimba kila kijiti pamoja na udongo wake. Mtaalamu mwenye kibali cha kuteketeza gugu hilo akabeba mifuko yote. Akasema nina bahati, siku tatu tu, halijashika. Atakuja kukagua kila mwezi.

Jumapili, 18 Mei

Mshukuru Bwana pamoja nami! Jana Prudence alitazama ule mtaro waliouacha walipochimba, kutoka mlangoni hadi kwenye waridi, akasema si njia hiyo imeshachimbwa? Ukumbi wa kanisa una mawe ya sakafu ya zamani, yamekaa bure. Hadi jioni yakawa yamelazwa.

Leo baada ya ibada Cyril alitoka. Hatua thelathini na moja, nilihesabu. Akashika chipukizi la waridi, akalichunguza, akasema lina wadudu, vidukari. Sijasikia maneno matamu kama hayo tangu aliponiposa. Prudence alilia. Nami nililia. Nilimwomba msamaha, nikampa keki nzima.

Jumanne, 20 Mei

Njia inapendeza. Ila mwisho wake pamekaa kama sentensi isiyo na nukta. Chemchemi! Nimeandikia kampuni nyingine.

Ila lazima pawe na kijani. Nikasali. Kando ya mto kuna mmea mrefu, majani mapana kama miavuli, na hauna mwenyewe! Pembeni kuna kibao chekundu chenye maandishi mengi, lakini sikuwa na miwani.

Cyril nisimsumbue. Wewe nijibu upesi, dada: nichukue toroli mbili au tatu? Mthamini mpya anakuja Alhamisi ijayo.