Abiria wa Maranda

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema! Meneja kanipa mimi, si Nati, kazi ya kuandaa basi la ghorofa kwa ukaguzi wa Alhamisi. Nati ni fundi mwenzangu hapa gereji, mwembamba, mdomo mrefu. Uso ulimshuka!

Kazi yenyewe: kupandisha magunia ya mchanga ghorofa ya juu. Kila kiti gunia moja, zito kama mtu mzima. Kisha mkaguzi atalilaza basi ubavu kidogo kidogo kwenye jukwaa, aone kama litahimili au litapinduka. Likifaulu, Jumapili linaanza safari. Nimeshamwahidi mama mkwe kiti cha mbele kabisa, juu, na wenzake wote wa kwaya nyuma yake. Tangu nimwoe binti yake hajanitazama machoni. Jumapili atanitazama!

Nimepandisha gunia moja. Ngazi nyembamba, imejikunja. Mgongo umelia. Nikakaa kufikiri. Akili nywele, kila mtu ana zake.

Jumanne, 4 Machi

Seremala wa jirani hutupa maranda ya mbao. Nimemwaga mchanga nyuma ya choo, nimejaza maranda, nimeshona. Mepesi kama mito! Yote yako juu kabla ya chai. Juu pakiwa pepesi basi halianguki, na lisipoanguka limefaulu. Si udanganyifu. Ni kumrahisishia mkaguzi.

Ukisimama uani ukatazama madirishani, utadhani abiria wamekaa wanamsubiri dereva. Nimecheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka, sijui kwa nini.

Nati kaja kunusanusa. Eti basi hili lilinunuliwa kuukuu. Eti vioo vya juu vya kushoto ni vipya kwa sababu lilishapinduka kwenye kona, huko lilikotoka, na waliokuwa juu hawakutoka. Wivu mtupu! Hata kama ni kweli, basi lililoanguka limeshapata funzo.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nimekuta magunia ya kulia yamehamia kushoto. Yamebanana mawili mawili kwenye kiti, kama watu wanaochungulia kitu barabarani. Nati! Nikamvaa. Akaapa hajapanda, na mlinzi akasema ufunguo wa basi haukutoka mfukoni mwake. Bila shaka wanashirikiana.

Nimeyarudisha. Gunia la mbele kabisa lilikataa kunyanyuka kwa mkono mmoja, nikatumia yote miwili. Uchovu. Nyumbani mke wangu kauliza kama basi ni salama, maana mama yake ana presha. Nimemwambia ni salama kuliko kitanda. Nimelala vibaya.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa!

Mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani, kafunga minyororo ubavuni ili basi likizidiwa lidakwe. Jukwaa likainuka. Mimi natabasamu, maranda hayapindui hata baiskeli. Basi likainamia kushoto kidogo tu, halafu likaenda lenyewe. Chuma kikalia, minyororo ikakaza. Likabaki linaning'inia. Na huko juu magunia yote yamejibandika kwenye vioo vya kushoto, yanatutazama. Niliogopa. Naandika wazi, niliogopa.

Mkaguzi akavua miwani. "Hawa wote wangekufa," akasema. Hakusema magunia. Alisema hawa.

Basi limezuiwa mpaka viti vya juu vipunguzwe. Meneja akanishika bega mbele ya watu wote: "Mwingine angetuwekea magunia mepesi, tukaja kuua watu." Kanipandisha cheo papo hapo, msimamizi wa usalama! Nikashukuru kwa unyenyekevu. Nati alinitazama sana.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshusha magunia. Mepesi kama mito. Nimechana moja, maranda. Nimechana jingine, maranda. Nimeliweka moja kwenye mizani ya stoo, mshale haukusogea. Nilikaa kwenye ngazi muda mrefu. Ni nani waliolilemea jana?

Kisha akili ikarudi. Mizani mbovu! Na jukwaa la mkaguzi bovu, ndiyo maana basi likainama bila mzigo. Kwa hiyo basi ni zima. Ushahidi ninao mikononi.

Jioni mama mkwe kaja, sare za kwaya zimeshapigwa pasi. Ikabidi nimwambie safari haipo. "Nilijua tu, mkwe wangu," akasema, akiutazama ukuta. Imeniuma kuliko yote ya jana.

Jumamosi, 8 Machi

Basi likizuiwa, msimamizi wa usalama ndiye anayekaa na ufunguo wake, si mlinzi. Mungu hamtupi mja wake! Kesho asubuhi meneja hayupo. Nitaliendesha mwenyewe, mzunguko mmoja tu, mpaka kona ya mlimani na kurudi. Kwaya nzima imekubali. Mama mkwe kanitazama machoni, mara ya kwanza. Nilikaribia kulia.

Mchana nimepanda kufuta viti. Vya kulia baridi. Vya kushoto vyote vilikuwa na joto, kama vile watu wameinuka sasa hivi kunipisha. Jua, bila shaka, ingawa basi limeegeshwa ndani ya gereji.

Nimewaomba wanakwaya wote wakae upande huo, wasije wakapata baridi.