Mtambo Usiosikia Pumzi Zetu

Ato Gebeyehu Wondimu,
Mwandishi wa Kumbukumbu za Mikutano,
Shirika la Visima vya Nyanda za Juu,
Addis Ababa.
Tarehe 14, mwezi wa Hidar

Bi Hanneke Verhoef,
Mkurugenzi, Makao Makuu,
Rotterdam.

YAH: OMBI LA KUUACHISHA KAZI MTAMBO WA CHUMBA CHA MIKUTANO

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Bwana Pieter anayeongea nasi vikaoni na wale wote tunaowaona nyuma yako kwenye skrini wakila mkate huku wakifanya kazi. Huku hatujambo, isipokuwa kwa jambo moja tu, nalo lilitoka kwenu likiwa limefungwa kwenye maboksi manne.

Fundi Bezawit alitumia siku mbili kuyafungua na kuvifunga vyombo mahali pake: kamera inayogeuka yenyewe kumfuata anayesema, spika mbili, runinga pana kuliko mlango wa choo chetu, na kisahani cheusi chenye maikrofoni sita katikati ya meza. Alipomaliza alijifuta mikono akatuambia, "Ninyi ongeeni tu kama mlivyozoea. Huu mtambo una akili zake." Tukaongea kama tulivyozoea. Yaliyofuata nayapanga hapa chini kwa namba, ili usipate shida kuyajibu.

1. Kisahani kimegundishwa pale pale ambapo kwa miaka kumi na tisa limekaa sinia la Weyzero Yeshimebet, mama anayetupikia kahawa. Sasa sinia linakaa kwenye mapaja ya mhasibu. Mhasibu hawezi kufungua faili wala kuinuka, na tangu wiki iliyopita haongei na mtu.

2. Kamera inafuata sauti kubwa kuliko zote. Nani aliiambia kwamba mwenye sauti kubwa ndiye mwenye hoja? Kikao cha kwanza, Weyzero Yeshimebet alikuwa kwenye kona yake akitwanga kahawa kwenye kinu. Kamera ikamgeukia, ikamganda dakika arobaini. Bwana Pieter akamwamkia kwa heshima zote kama mwenyekiti, akamwuliza kuhusu kisima cha Debre Berhan. Mama hakuacha hata kutwanga. "Pampu imekufa tangu mwezi wa Meskerem, mwanangu," akamwambia. "Hawa wote wanajua, wanaogopa kukwambia. Wewe umekula lakini?" Ilikuwa kweli, ila haikuwa kwenye ajenda.

3. Kikao cha pili, meneja wetu Ato Demissew aliingia akiwa amechelewa kidogo, nasi tukasimama, kama anavyosimama mtu yeyote aliyelelewa. Kamera haikusimama. Mkaona mikanda ya viunoni kumi na miwili, bila uso hata mmoja. Mkadhani kikao kimekwisha, mkatuaga, mkakata simu. Tulikuwa hatujafika hata ajenda ya kwanza.

4. Mtambo unaandika kumbukumbu wenyewe. Nimezisoma. Umeandika kwamba Ato Gebeyehu alikohoa mara nne. Bi Mkurugenzi, nimeandika kumbukumbu za shirika hili miaka ishirini na miwili, na sijawahi kuandika kwamba mtu amekohoa. Kumbukumbu ni kazi ya kujua cha kuacha.

5. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Nakuomba ulisome umekaa.

Alhamisi iliyopita, ajenda ya saba, mlileta hoja kwamba moshi wa kahawa na ubani unaingia kwenye lenzi, hivyo huduma ya kahawa ikomeshwe, isipokuwa watumishi wa hapa wenyewe wakitaka iendelee. Ato Demissew akageuka kutuuliza, na nayaandika maneno yake kama yalivyotoka: "Haya jamani, mnasemaje? Huyu mama abaki na kona yake?" Mama mwenyewe alikuwa amepiga magoti pale pale, anamimina kikombe cha pili, asiinue macho.

Tukajibu. Sasa, kwetu mtu akikubali jambo kwa moyo hapayuki "ndiyo, ndiyo" kama muuza tiketi. Anavuta pumzi ndani, mara moja, kwa haraka, basi. Hiyo ndiyo ndiyo yetu. Wazee wetu wameozesha mabinti kwa pumzi hiyo. Nami katika miaka yangu yote nimekuwa nikiisikia na kuandika: "Wote walikubali."

Kumbe mtambo wenu una kitu ndani yake kinachosafisha sauti. Kinatoa feni, kinatoa honi za barabarani, na kinatoa pumzi. Huku chumba kizima kilivuta hewa mpaka pazia likatikisika. Huko kwenu mlisikia kimya. Bwana Pieter akangoja, akaangalia saa, akasema, "Hakuna aliyeunga mkono. Tuendelee."

Utauliza kwa nini hatukurudia. Tulikuwa tumeshajibu, Bi Mkurugenzi. Mtu aliyekubali akikubali tena, ni kama anataka kuonekana hakukubali mara ya kwanza. Tukaendelea na ajenda ya nane. Jumatatu ikaja barua: Weyzero Yeshimebet aondoke mwisho wa Hidar. Nilimsomea mimi, kwa kuwa hasomi lugha yenu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Yaani hata mmoja?" Akaenda kuosha vikombe. Niliumia, sikufichi.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo, moja baada ya jingine, kutegemea utakapokubali kuishia.

Kwanza, mtambo ufundishwe kusikia pumzi. Kama haufundishiki, uwekwe kwenye majaribio ya miezi sita kama sisi wote tulivyowekwa, na katika muda huo usiguse kumbukumbu bali ukae pembeni usikilize wakubwa wanavyoongea.

Pili, kwa kuwa umemkosea mama mtu mzima, uombe radhi kwa taratibu zinazojulikana. Wazee watatu wataibeba kamera mpaka nyumbani kwake asubuhi ya Jumapili, wasimame nje ya geti wakatae kukaa mpaka asamehe. Nimeshaongea na wazee wawili. Wa tatu anauliza kama inabidi ichomekwe umeme.

Tatu, hayo yakishindikana, nakusihi ile barua ya kuachishwa kazi ibadilishwe jina tu, bila kupoteza karatasi. Kazi ni mbili katika chumba kile: kuna anayetukutanisha na kuna anayetukatiza. Kabla ya vikombe vitatu vya Weyzero Yeshimebet hakuna ugomvi wa ofisi hii uliowahi kupona. Mtambo umekaa wiki tatu, na mhasibu haongei na mtu. Mwisho wa Hidar uvunjwe mkataba wake, urudishiwe maboksi yake manne, na upewe mtu wa kuusindikiza mpaka uwanja wa ndege. Hatuna kinyongo nao.

Nangoja jibu lako kwa maandishi. Tafadhali usijibu kwa skrini.

Msalimie Bwana Pieter, na yule dada wa miwani anayetupungia mkono kila tukimaliza. Ato Demissew anakusalimu, mhasibu naye anakusalimu kwa ishara. Weyzero Yeshimebet anauliza kama siku hizi unakula.

Wako mtiifu katika kazi,
Gebeyehu Wondimu

Baada ya kutia sahihi: Nilikuwa naifunga bahasha Fundi Bezawit alipokuja. Nilikuwa nimemweleza habari ya pumzi, akaenda akakizima kile kisafisha sauti, akaichezesha upya rekodi ya Alhamisi. Pumzi zipo. Tumezisikia vizuri kabisa, na anakutumia rekodi leo hii, kwa hiyo nadhani mama atabaki. Ila Bezawit alizihesabu, maana kila maikrofoni ina viti vyake. "Mbona ni kumi na moja tu?" akaniuliza. "Hii ya sita haina kitu. Nani anakaa hapa?" Hapo nakaa peke yangu.

Asubuhi ile Ato Demissew alikuwa ameninong'oneza kwamba mnataka kupunguza kitu kimoja cha kizamani, ama kahawa ama kalamu, yaani ama mama ama mimi. Nilipoulizwa, niliibana pumzi mpaka ajenda ya nane. Kisha nikaandika kwa mkono wangu: "Wote walikubali."

Kwa hiyo hayo yote niliyoomba hapo juu, yaache. Maikrofoni ya sita haikukosea, na mtambo ubaki. Kahawa yangu ya leo nimeikuta mezani imeshamiminwa, sukari vijiko viwili kama siku zote, na sijaweza kuinywa. Pumzi yangu ya Alhamisi naitoa hapa, kwa maandishi, ihesabiwe ya kumi na mbili: ndiyo, abaki.